Mrejesho: mama alizibuliwa mrija wa nyongo usiku uleule

Wapendwa, wiki iliyopita niliuliza kuhusu mama: macho ya manjano, homa ya kutetemeka, maumivu chini ya mbavu za kulia. Mlioniambia nisingoje kukuche, Mungu awabariki sana. Tulipofika hospitali presha ilikuwa imeshuka hadi 80 kwa 50, na ananiita kwa jina la marehemu shangazi. Jiwe lilikuwa limeziba mrija wa nyongo, usaha umejaa nyuma yake. Antibayotiki peke yake isingetosha. Wakapitisha kamera mdomoni hadi utumbo mwembamba, wakaweka kimrija cha plastiki ndani ya mrija wa nyongo ili usaha utoke. Jiwe wakaliacha kwanza, maana alikuwa taabani. Asubuhi homa imeshuka, akaomba uji! Tutarudi jiwe litolewe na kimrija kiondolewe, kisha upasuaji wa mfuko wa nyongo.