Tupeane uzoefu: meno ya watoto kuoza mapema (Arusha na Moshi)

Habari za humu. Hadithi za nani alilia usiku kucha tuweke pembeni, leteni namna ya kufanya.

Mama Njiro: Jino la kwanza likitokeza tu, mara nyingi kwenye miezi 6, mswaki uanze. Uwe mdogo, wa nywele laini. Dawa ya meno yenye floraidi (madini yanayokinga jino lisioze) kiasi cha punje ya mchele mpaka afikishe miaka 3, baada ya hapo punje ya njegere. Mlaze kichwa mapajani kwako, nyanyua mdomo wa juu kwa kidole, sugua pale jino linapokutana na ufizi. Kuoza huanzia hapo: mstari mweupe kama chaki, usiong'aa. Ukiuona, wahi kwa daktari wa meno, maana bado hakuna tundu. Na msijidanganye kwa kutazama meno ya mbele ya chini. Hayo ulimi unayakinga na mate yanayaosha, huwa ya mwisho kuharibika.

Baba Pacha: Maji yetu huku yana floraidi tele. Dawa ya meno ya nini tena?

Dada Usa River: Ni kweli, shemeji, kuna maji mengi kuzunguka Mlima Meru yanayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Ila tutenganishe. Floraidi nyingi ikimezwa wakati meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya, yanatoka na madoa. Kuoza ni kitu kingine, na jino lenye madoa nalo huoza. Ile ya dawa inafanya kazi juu ya jino, ndiyo maana tunapaka kidogo na kumfundisha kutema. Cha kubadilisha ni maji ya uji: tumia ya mvua yaliyokingwa safi na kuchemshwa, au yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa. Kuchemsha peke yake hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Magadi kwenye makande ya mtoto pia acheni, nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi.

Mama Wawili, Moshi: Chupa ya usiku ndiyo adui. Usingizini mate hupungua, sukari ya uji au juisi inakaa kwenye meno ya juu mpaka asubuhi. Akitaka chupa kitandani, iwe maji matupu. Dawa nyingi za maji za kikohozi zina sukari, kwa hiyo dozi ya usiku itangulie, mswaki ufuate. Na ile "yataanguka tu" haina maana: magego ya utotoni hukaa hadi miaka 10, hata 12.

Mama Njiro: Jamani, na "meno ya plastiki" je? Vile vivimbe vyeupe kwenye ufizi wa mtoto mchanga, vinavyosingiziwa kuleta homa na kuharisha, ni machipukizi ya chonge. Kuvichokonoa kwa spoku kunaleta kutokwa damu, usaha, hata pepopunda, na chonge la ukubwani linaweza kutoka limepinda au lisitoke kabisa. Mtoto ana homa na anaharisha? Mpe ORS, endelea kumnyonyesha, nenda zahanati siku hiyohiyo.