Mrejesho: gitaa langu la umeme lililokuwa likipanda sauti

Niliuliza kwa nini gitaa la umeme ninalojitengenezea lilitoa sauti sahihi nyuzi zikiwa wazi, lakini sauti ikapanda kupita noti sahihi kila nilipobonyeza nyuzi kwenye freti (vile vyuma vyembamba vya shingoni) za juu. Mlionishauri nipime upya mlikuwa sahihi: kutoka mwanzo wa nyuzi hadi freti ya 12, ambayo ndiyo nusu ya urefu wa uzi, ni milimita 324, kwa hiyo daraja, yaani kipande kinachobeba nyuzi mwilini mwa gitaa, lilipaswa kukaa kwenye milimita 648, nami, kwa pupa ya kutaka kusikia mlio, nilikuwa nimelifunga kwenye 643. Nimeziba matundu ya skrubu kwa vijiti vya mbao na gundi, nikatoboa upya, kisha nikavirudisha nyuma kidogo vishikizo vya darajani vya nyuzi nene, ambazo hupanda zaidi zikibonyezwa. Tundu moja bado linachungulia kando ya daraja, nimeliacha.