Naomba ushauri: nielezeje kazi ya Mfalme wa Japani asiye na madaraka?

Ndugu wanachama, salaam. Naandaa mada ya somo la uraia kuhusu ufalme wa Japani, na nimekwama penye hoja moja. Katiba iliyoanza kutumika mwaka 1947 inamtaja Mfalme kuwa alama ya taifa na ya umoja wa wananchi, ambao ndio wenye mamlaka. Yeye mwenyewe hana madaraka yoyote ya kuendesha serikali. Hata Mfalme Akihito alipotaka kung'atuka kwa sababu ya uzee, ilibidi Bunge litunge sheria maalumu, ndipo mwanawe Naruhito akarithi kiti tarehe 1 Mei 2019.

Hata hivyo, baada ya tsunami ya mwaka 2011, Akihito na mkewe Michiko waliwatembelea waathirika kambini, wakapiga magoti sakafuni na kuzungumza nao ana kwa ana, jambo ambalo, kwa maoni yangu, mwanasiasa hawezi kulifanya bila kushukiwa kuwa anatafuta kura. Je, nijenge hoja juu ya faraja ya namna hiyo, au nianzie Januari 1946, Mfalme Hirohito, baba yake Akihito, alipokana kuwa yeye ni mungu? Na suala la wanawake kuzuiwa kurithi, akiwemo Aiko, mtoto pekee wa Naruhito, niliingize humo humo au nilitengee mada yake?