Ruhusa ya kutumia ramani ya mtu mwingine, na makala zangu mwenyewe, ndani ya tasnifu

Mtafiti wa Lahaja aliuliza:

Ndugu wanataaluma, habari za kazi. Ninakamilisha tasnifu ya uzamivu kuhusu lahaja za Kiswahili za kisiwa cha Pemba, na chuo kinanitaka, baada ya utetezi, niiweke kwenye hifadhi ya kidijitali ambako kila mwenye intaneti ataweza kuisoma. Yapo mambo matatu yanayonitatiza. Sura ya 2 ina ramani ya lahaja niliyoitoa katika jarida moja la Ulaya. Nimetaja mwandishi, mwaka na ukurasa, lakini msimamizi wangu anasema hilo halitoshi. Sura ya 4 na ya 5 ni makala zangu zilizokwisha kuchapishwa, na hiyo ya pili niliiandika pamoja na msimamizi huyo huyo. Mwenzangu mmoja ananiambia nisihangaike, kwani mtu hawezi kujiibia. Mwisho, kiambatisho kina mashairi niliyorekodi kwa malenga walio hai, ambao wote walitia saini fomu ya ridhaa ya utafiti. Je, ni lipi kati ya hayo linahitaji ruhusa, na niiombe kwa nani?

Mkutubi alijibu:

Ndugu Mtafiti, nitaanza na makala zako, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Maneno ya mwenzako yangekuwa sahihi iwapo mali ingali yako. Hakimiliki huanza pale kazi inapotungwa, bila kusajiliwa popote. Huo ndio msingi wa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Tanzania imo ndani yake tangu mwaka 1994. Lakini makala ilipokubaliwa, mhariri alikutumia fomu, nawe ukaitia saini, yumkini bila kuisoma, kama tunavyofanya wengi wetu tukiwa na furaha ya kukubaliwa. Itafute fomu hiyo leo. Ikiwa inasema kwamba unahamisha hakimiliki, au kwamba unampa mchapishaji leseni ya kipekee, basi yeye ndiye mwenye kauli juu ya makala hiyo, ingawa jina lililo juu yake ni lako.

Habari njema ni kwamba wachapishaji wengi wakubwa wanamruhusu mwandishi kuitumia makala yake ndani ya tasnifu. Elsevier, kwa mfano, inaeleza hivyo waziwazi katika masharti yake, mradi tasnifu isiwe ya kuuzwa na chanzo kitajwe. Kinachotofautiana ni toleo gani la makala linaruhusiwa kuwekwa hadharani. Upo mswada ulioupeleka mwanzoni kabla ya kutathminiwa. Upo mswada uliokubaliwa, yaani wenye masahihisho yote ya watathmini lakini ungali katika sura uliyoupanga wewe. Na lipo toleo la mwisho lenye nembo ya jarida na namba zake za kurasa. Mara nyingi ni mswada uliokubaliwa unaoruhusiwa kuingia katika hifadhi ya chuo, na pengine baada ya kipindi cha kusubiri, ambacho kwa majarida mengi ya Springer ni miezi 12. Kwa hiyo usipachike PDF ya jarida katikati ya tasnifu. Rudi kwenye faili lako la mwisho ulilomtumia mhariri, ulipange upya kama sura, kisha uandike katika ukurasa wake wa kwanza makala ilikochapishwa. Ikiwa kipindi cha kusubiri hakijaisha, mwombe mkutubi wa chuo aifunge sura hiyo hadi tarehe yake. Hifadhi nyingi zina uwezo huo, na watahini hawazuiwi kuisoma.

Ikiwa mojawapo ya makala ilitoka chini ya leseni ya CC BY, yaani leseni huria inayomruhusu yeyote kuitumia kazi mradi amtaje mwandishi, kazi imekwisha: itumie, taja chanzo na leseni, endelea na mengine. Kwa ile uliyoandika na msimamizi, mwombe ridhaa ya maandishi, hata ya mistari miwili kwa baruapepe, na ueleze katika utangulizi ni sehemu ipi ya kazi iliyo yako.

Mhariri wa Jarida alijibu:

Nakubaliana na Mkutubi, nami niseme juu ya ramani. Kutaja chanzo kunakuepusha na tuhuma ya wizi wa kitaaluma, jambo ambalo ni la maadili. Hakimiliki ni suala la kisheria, nalo halimalizwi na maelezo yaliyo chini ya ramani. Sheria huruhusu kunukuu kwa kiasi cha haki, lakini ramani ukiichukua huichukui kwa kiasi. Umeichukua nzima, na ramani yenyewe ni kazi kamili.

Fungua ukurasa wa makala hiyo kwenye tovuti ya jarida, utafute sehemu inayohusu haki na ruhusa. Majarida mengi yatakupeleka kwenye RightsLink, mfumo wa kuombea ruhusa mtandaoni, ambapo unachagua kwamba matumizi ni ya tasnifu, na mara nyingi ada inayotokea ni sifuri. Wachapishaji waliotia saini mwongozo wa STM, chama cha kimataifa cha wachapishaji wa kitaaluma, wamekubaliana kuruhusiana hadi michoro mitatu ya makala moja bila malipo, kwa hiyo usiwe mwepesi wa kulipa kabla ya kuuliza. Ukiandika barua, sema kila kitu: “Naomba ruhusa ya kutumia Ramani ya 2, ukurasa wa 114, bila kuibadilisha, katika tasnifu ya uzamivu itakayochapwa na pia kuwekwa wazi kwa wote kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo.” Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa sababu ruhusa ya nakala ya karatasi pekee haitakusaidia kwenye intaneti.

Ipo pia njia ambayo mimi binafsi ningeipendelea: chora ramani yako. Kwamba kijiji fulani kinasema hivi na kingine vile ni taarifa, na taarifa haina hakimiliki. Kinacholindwa ni namna ilivyochorwa. Chukua ramani ya msingi kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, ambayo inataka utaje mchango wake na leseni yake, uweke vijiji na mipaka kutokana na data zako, kisha utaje makala ile kama chanzo cha taarifa ulizoongezea. Ila usiifuatishe mistari ya mwenzako kwa kalamu ukaiita yako, maana hiyo bado ni kazi yake iliyobadilishwa.

Mtunza Diwani alijibu:

Mimi niko Unguja, na ninashangaa kwamba mashairi yamewekwa mwisho wakati ndiyo yenye uzito zaidi. Malenga aliyetunga ndiye mwenye hakimiliki, hata kama alikughania kwa kichwa na wewe ndiye uliyeyaandika. Fomu ya ridhaa inasema amekubali kushiriki katika utafiti. Kuchapisha shairi zima, beti zote, mahali ambapo yeyote anaweza kulipakua, ni jambo jingine. Angalia pia kwamba Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, ya mwaka 2003, na ofisi yake, COSOZA, kwa hiyo usitegemee ile ya Bara ya 1999 peke yake.

Warudie wazee. Wasomee, kwa Kiswahili, ni kitu gani kitawekwa, wapi, na kwa jina la nani, na umuulize kila mmoja kama anataka shairi lote litoke au beti chache tu. Wapo watakaokataa kwa sababu wanakusudia kutoa diwani zao.

Mtafiti wa Lahaja aliandika:

Nashukuruni sana. Fomu nimeipata: makala ya kwanza nilihamisha hakimiliki, ya pili ni CC BY. Ramani nitaichora upya. Swali limebaki kwa malenga mmoja aliyefariki mwaka jana.

Mtunza Diwani alijibu:

Mungu amrehemu. Haki zake zimerithiwa, na zitadumu miaka mingi baada yake, kwa hiyo nenda kwa wanawe au kwa yule waliyemteua kusimamia mirathi. Wakikubali, chukua saini. Wasipopatikana, weka beti mbili unazozichambua katika sura yenyewe, na shairi zima liondoe kwenye kiambatisho.