Mjadala: Ufundi mkubwa wa gitaa ni muziki mzuri, au ni mazoezi ya vidole tu?

Mleta mada
Wakuu, hoja hii kila ikiibuka huishia kwenye kejeli, basi safari hii tuijadili kwa vigezo. Kundi moja linasema mpiga solo anayemwaga noti 12 kwa sekunde bila kukosea amefanya muziki mzuri, maana ugumu wenyewe ni sehemu ya sanaa. Kundi la pili linasema huyo ni mwanariadha aliyeshika gitaa. Swali lina uzito wake kwenye mashindano, ambako mara nyingine majaji hutoa alama za ufundi kando na alama za muziki. Je, ni sahihi kuzitenganisha? Anayejibu aseme anasikiliza nini hasa. "Sipendi tu" haitoshi.

Sikio Kavu
Si muziki mzuri. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Pigeni hesabu: mapigo 180 kwa dakika, noti nne kwa kila pigo, ndizo hizo noti 12 kwa sekunde. Kila noti inaishi milisekunde 83 hivi. Mpigaji akiwasha dilei (kifaa cha mwangwi) ya milisekunde 400, mwangwi wa noti ya kwanza unarudi wakati noti ya tano inalia, na kuanzia hapo ni uji. Hakuna nafasi ya kuvuta uzi, kuutikisa, wala kunyamaza kidogo ili msikilizaji ameze. Yote yanayolifanya gitaa liseme kama koo la mtu yameondoka. Mwambieni mpigaji aimbe alichopiga. Akishindwa, jueni waliotunga ni vidole, yeye alikuwa dereva tu.

Pleki Nzito
Methali si kipimo, mkuu. Na hicho kigezo cha kuimba kinamwangusha hata Bach. Kwenye kazi zake za fidla peke yake na selo peke yake, mstari mmoja unarukaruka kati ya noti za chini na za juu hadi sikio linasikia sauti mbili zinazojibizana. Hakuna koo moja linaloimba hivyo. Tena jambo hilo linahitaji kasi: ukipiga polepole mno, sauti mbili zinarudi kuwa moja inayoruka. Kwa hiyo kuna muziki ambao bila kasi haupo kabisa.

Ila kwenye "vidole ndivyo vimetunga" nakupa nusu ya haki. Ugonjwa huo upo na unatambulika. Wengi hujifunza skeli (ngazi ya noti) kwa noti tatu kwenye kila uzi, na kipande chao wakipendacho kinakuwa noti sita juu ya nyuzi mbili. Sasa weka noti sita hizo kwenye mdundo wa noti nne kwa pigo. Mkazo unahama: kipande kinaanza tena juu ya pigo baada ya mapigo matatu, na kinakutana na "moja", yaani pigo la kwanza la bari (fungu la mapigo manne), baada ya bari tatu. Anayelisikia hilo analitumia kujenga mvutano, kisha anatua pale anapotaka. Asiyelisikia hufanya mojawapo ya mawili: anageuza noti nne kuwa sita bila kujua, au anafika mwisho wa kipande nusu pigo kabla ya ngoma na kuvuta uzi mrefu kuficha aibu. Ukisikia solo ambayo kila mbio zinaishia kwenye uzi wa kwanza kwa noti ndefu iliyovutwa, hebu hesabu mapigo. Mara nyingi utamkamata.

Nyuzi za Nailoni
Mnazungumza kama kasi ilibuniwa kwa ajili ya kushangaza watu. Kwenye gitaa la klasiki kuna sababu nyingine: noti ya gitaa hufa haraka. Ukiidonoa, inaanza kufifia papo hapo, haina upinde wa kuiendeleza kama fidla. Tremolo ni jibu la tatizo hilo. Kidole gumba kinapiga besi, halafu cha pete, cha kati na cha shahada vinarudia noti moja ya juu mara tatu, na mzunguko unaanza tena. Katika "Recuerdos de la Alhambra" ya Francisco Tárrega mbinu hiyo inabeba wimbo wote tangu mwanzo, na ikipigwa sawasawa msikilizaji hasikii kasi hata kidogo. Anasikia sauti ndefu ya juu na gumba likitembea chini yake.

Ikiharibika, inachechemea kama farasi: tatu-pengo, tatu-pengo. Kwa kawaida chanzo ni gumba kuchelewa baada ya kidole cha shahada, au cha pete kupiga kwa nguvu ndogo kuliko wenzake. Dawa yake inachosha: metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye 60, noti nne kwa pigo, kila kidole kinachofuata kikigusa uzi mapema ili kuizima noti iliyotangulia. Noti zote zikitoka fupi na sawa, ndipo unapandisha mapigo manne manne. Mtu anayeruka hatua hiyo atapata kasi lakini hatapata wimbo. Nijibuni: hapo utachora wapi mstari kati ya ufundi na muziki?

Fundi Mitambo
Naongeza upande wa vifaa, kwa sababu nusu ya mabishano haya yanazalishwa na amplifaya.

Distosheni, ile sauti ya kukwaruza ya gitaa la umeme, inabana sauti. Noti iliyoguswa kidogo na iliyopigwa kwa nguvu zinatoka karibu sawa, kwa hiyo mpigaji anaweza kuuachia mkono wa kushoto peke yake nusu ya noti, bila pleki (kibapa cha kupigia nyuzi), na usisikie pengo. Hilo si kosa, ni mbinu halali. Tatizo ni kwamba linaficha mengi. Mbinu ya kuteremsha pleki nyuzi tano kwa mkupuo mmoja inadai kila kidole cha kushoto kiachie uzi mara noti inayofuata inapoanza. Vidole vikibaki vimebonyeza, noti zinalia pamoja, na kilichokusudiwa kuwa mfululizo kinakuwa kodi ("chord") iliyochanika. Ukiwa na distosheni nyingi na riverbu (mwangwi kama wa ukumbini) ndefu, watu wanashangilia hivyo hivyo.

Kimo cha nyuzi nacho kinachangia. Wapenda kasi hushusha nyuzi hadi milimita 1.5 hivi juu ya freti (kijiti cha chuma shingoni mwa gitaa) ya 12, na huweka seti nyembamba inayoanzia 9, yaani uzi wa kwanza wenye unene wa inchi 0.009. Mkono unateleza kweli. Lakini uzi wa chini kiasi hicho ukiupiga kwa nguvu unagonga freti na kukwaruza, basi mpigaji anajizoesha kugusa kidogo tu na kuiachia amplifaya ifanye kazi ya nguvu. Matokeo yake ni noti elfu moja za ukubwa mmoja.

Kipimo changu ni hiki. Punguza distosheni hadi nusu, zima riverbu na dilei, rekodi kipande kilekile, kisha kisikilize kwa nusu ya kasi. Kwenye nusu ya kasi utasikia mambo matatu: kama noti zina umbali sawa, kama nyuzi zisizopigwa zimezimwa (kiganja cha kulia kwa nyuzi nene, tumbo la kidole cha shahada cha kushoto kwa nyembamba), na kama mistari inaelekea popote. La tatu ndilo gumu kuliko yote, na mitambo haina msaada hapo.

Sikio Kavu
Asante fundi, lakini umenipa hoja. Mawili ya kwanza ni usafi. Usafi si muziki. Sahani inaweza kuwa safi na tupu.

Besi Tatu Tatu
Ndugu zangu mmesahau kwamba kuna ufundi usioonekana kwenye hesabu ya noti kwa sekunde. Chukueni sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu kwenye rumba ya Kongo. Gitaa la rhythm linashika mdundo, mi-solo (gitaa la kati) inazungusha kipande chake katikati, na solo inarudia sentensi fupi, labda bari mbili, kwa dakika kadhaa, ikibadilisha noti moja au mbili tu. Kwa mtazamaji ni rahisi. Jaribu kuishikilia dakika tano bila mapigo kupanda: mkono ukikakamaa, noti zinaanza kutangulia, besi inalazimika kufuata, na wanaocheza wanahisi kabla hata hawajajua kilichoharibika. Hapo hakuna pa kujificha, kwa sababu sentensi ni ileile, kila mtu anaijua.

Mashabiki wa rumba walishabishana sana juu ya hili. Kati ya wapiga gitaa wa Kongo, Dr Nico alisifiwa kwa wepesi na utamu wa mistari yake; Franco kwa kurudia, kwa noti mbili mbili zilizopigwa kwa uzito. Anayetumia kipimo cha kasi peke yake atampa Nico alama zote na kumwacha Franco mikono mitupu, na hapo kipimo ndicho kitakuwa kimeshindwa.

Pleki Nzito
Hapo tunakubaliana, ila tusigeuke kuabudu uvivu. Kila anayeshindwa kupiga haraka siku hizi anajiita "mtu wa hisia". Hata noti moja ya B.B. King, yule wa blues, ni ufundi mgumu. Kuvuta uzi tono nzima kunapimwa: piga noti iliyo freti mbili mbele, isikilize, rudi uvute hadi uifikie. Wengi huishia chini kidogo ya lengo. Kisha kutikisa uzi uliokwisha kuvutwa: unaushusha na kuurudisha juu palepale kwenye lengo, ukiuvusha lengo, noti inasikika kali na ya juu mno. Na wanaomtaja Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi, kama ushahidi kwamba ufundi hauhitajiki wamekosea njia. Moto wa mwaka 1928 uliharibu vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, akapiga solo kwa viwili vilivyobaki, na bado alikuwa na kasi kuliko wengi wenye vinne. Alijenga ufundi upya kwa sababu muziki aliotaka ulidai hivyo.

Nyuzi za Nailoni
Basi tumrudie mleta mada na alama zake. Mimi nisingetenganisha alama za ufundi na za muziki. Ningempa mshindani kazi mbili zaidi ya solo yake: aipige kwa asilimia 70 ya kasi, kisha ajibu papo hapo sentensi ya bari nne anayopigiwa na mtu mwingine. Ya kwanza inaonyesha kama kuna wimbo ndani. Ya pili inaonyesha kama masikio yanaongoza vidole.

Pleki Nzito
Ya pili naikubali. Ya kwanza, dada, inawaonea wale ambao muziki wao unaishi kwenye kasi, kama nilivyosema kuhusu Bach. Hata tremolo yako ukiishusha hadi asilimia 70 itabaki noti tatu tatu zinazogongagonga. Utaikata alama?

Nyuzi za Nailoni
Tremolo nitaisamehe. Ila gumba halina kisingizio: besi inapaswa kuimba kwa kasi yoyote.

Sikio Kavu
Na majaji wakae wamegeuza migongo. Vidole vinavyokimbia vinahonga macho.

Fundi Mitambo
Na amplifaya moja kwa wote, vitufe vikiwa palepale. Vinginevyo mtakuwa mnapima pedali.