MJADALA: Shamba la Kerege lina mhuri wa kijiji, sasa limepigwa bikoni za viwanja. Nani apishe?

Mwenye Michungwa
Waungwana, naomba tulijadili hili bila matusi. Mwaka 2009 nilinunua ekari moja na nusu upande wa Kerege, wilaya ya Bagamoyo, ndani kidogo ukitoka barabara ya lami. Aliyeniuzia ni mzee mwenyeji. Mashahidi walikuwa wanne, mwenyekiti wa kitongoji akasaini, mwenyekiti wa kijiji akagonga mhuri, na ile asilimia kumi ya bei inayodaiwa na kijiji nikaitoa na kukatiwa stakabadhi. Nikapanda michungwa, nikachimba kisima, nikajenga banda la vyumba viwili. Mwaka jana wakaja wapimaji wakapigilia bikoni, vile vigingi vya kuonyesha mipaka ya viwanja. Mchoro wao unapitisha barabara juu ya kisima changu, na eneo lililobaki limekatwa viwanja sita. Viwili ndivyo vyenye jina langu. Nilipouliza, jibu lilikuwa moja: karatasi ya mwenyekiti si hati.

Hoja yangu ni hii. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, inasema hakimiliki ya kimila, yaani haki ya kumiliki ardhi kwa mila, ina hadhi sawa na ile inayotolewa kwa hati na serikali. Mji ukikifuata kijiji, haki ile haifi siku hiyo. Na kuanzia Bunju hadi Bagamoyo mjini watu wengi hawana ushahidi mwingine zaidi ya karatasi kama yangu. Isitupwe, iwe ndiyo mwanzo wa kupata hati. Mnasemaje?

Jirani wa Bikoni
Pole sana mkuu. Mimi nipo Mapinga, hali ni hiyo hiyo. Ila tuambizane ukweli, chanzo ni wenyeji. Mtu anauza ekari tano kwa ajili ya harusi ya binti na pikipiki ya kijana, hela ikiisha anauza lile lile kwa mtu wa pili. Utaiheshimu vipi karatasi yake?

Mkwere wa Kiromo
Jirani, hilo la harusi na pikipiki umelitoa wapi? Babu yangu alilima pale barabara ikiwa ya vumbi, mvua za masika zikinyesha hakuna gari linalopita. Hakuna aliyekuwa na shida na karatasi zetu wakati huo, kwa sababu hakukuwa na karatasi. Mpaka ulikuwa mkorosho huu na kichuguu kile, na watu walilala usingizi.

Ilipokuja lami mkaja nyinyi na madalali wenu. Mlinunua kwa hatua, na anayepiga hatua ni dalali wenu mwenyewe, akiwa upande wa mnunuzi miguu inarefuka! Mzee anauza hatua sabini, linaondoka shamba zima. Halafu ukiuza ardhi yako Moshi au Mwanza ukasomeshe mtoto unaitwa mwenye maono, ila Mkwere akiuza aoze binti yake kapoteza akili. Harusi ni wajibu wa mzazi. Usituingilie.

Jirani wa Bikoni
Sijamtukana mtu. Nimesema kinachotokea. Shamba nililonunua mimi 2012 nilikuta limeshauzwa kwa watu wawili, na muuzaji ni mmoja. Nimekaa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya miaka minne nikipigwa kalenda. Kama imeniuma, imeniuma kwa haki.

Mkwere wa Kiromo
Na huyo aliyekuuzia ni mtu mmoja. Umeshawahukumu Wakwere, Wazaramo na Wadoe wote kwa ajili yake.

Mpimaji Mstaafu
Nimeshika darubini ya upimaji zaidi ya miaka thelathini, niruhusuni.

Kwanza, mwenyekiti wa kijiji hana ardhi ya kumpa mtu. Wenye mamlaka ya kusimamia ni halmashauri ya kijiji, nayo inawajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji. Hakimiliki ya kimila ikihamishwa kwenda kwa mtu mwingine, ridhaa inayotakiwa ni ya halmashauri ya kijiji. Kwa hiyo Mwenye Michungwa, nakuuliza: una muhtasari wa kikao, au una mhuri tu? Hivyo ni vitu viwili. Na hiyo asilimia kumi, nimeisoma sheria namba 5 mara nyingi, sijakiona kifungu chake.

Pili, na hili ndilo kubwa kuliko yote mnayogombania. Ardhi yetu imegawanywa makundi matatu: ya jumla, ya hifadhi na ya kijiji. Ardhi ya kijiji haigeuki kuwa ya jumla kwa sababu tu mji umesogea au mtu kachora ramani. Ipo taratibu ya kuihaulisha, yaani kuitoa kundi moja kwenda jingine: wanakijiji hupewa taarifa, huitwa mkutanoni, na fidia huzungumzwa kwanza. Je, huko Kerege uhaulishaji ulifanyika kabla ya bikoni kupigiliwa? Kama haukufanyika, mwenye swali la kujibu si mkulima wa michungwa.

Tatu, tusisahau tulikotoka. Mjerumani alitoa amri mwaka 1895 kwamba ardhi isiyo na mwenye kuthibitisha miliki ni ya dola. Mwafrika wa Bagamoyo angethibitisha kwa karatasi gani? Mwingereza na sheria yake ya 1923 akaiweka chini ya Gavana. Tulipojitawala, alipokaa Gavana akakaa Rais. Tume ya Profesa Issa Shivji, ya 1991 hadi 1992, ilizunguka nchi ikashauri miliki hiyo kuu itoke mikononi mwa serikali. Sheria za 1999 zikaibakisha kwa Rais kama mdhamini. Bikoni za kijana wa leo zimesimama juu ya amri hizo.

Mwenye Michungwa
Mzee wangu shikamoo. Ila "mhuri tu" umeniumiza. Nilikwenda ofisi ya kijiji mwenyewe, nikakaa kwenye benchi kutwa nzima, mwenyekiti akaniambia hii inatosha. Mimi ni fundi cherehani, ningejuaje kuwa kuna muhtasari? Hiyo asilimia kumi ningeikataa, angesaini?

Jirani wa Bikoni
Hapo sasa! Wenyeviti hao hao ni wenyeji.

Mkwere wa Kiromo
Mwenyekiti wa kwetu aliyeuza hadi eneo la shule alihamia hapa akitokea bara. Nikuambie na kabila lake?

Mpimaji Mstaafu
Msitaje makabila. Nimeuliza kuhusu uhaulishaji.

Mvuvi wa Mlingotini
Nyinyi mna bahati mnagombana na bikoni. Mwaka 2013 ulipotiwa saini mkataba wa bandari ya Bagamoyo na wale wa kampuni ya China Merchants, huku kwetu kila aliyekuwa na mnazi mmoja alifuatwa na dalali. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema hadharani masharti yale hayakubaliki, madalali wakatoweka. Ardhi ya mtu inapandishwa na kushushwa na maneno ya watu waliokaa mbali naye.

Sisi shamba letu lilithaminiwa kwa ajili ya mradi mmoja. Wakahesabu minazi, wakapiga picha baba akiwa ameshika kibao chenye namba, wakaondoka. Tangu siku hiyo ukitaka kuezeka paa upya unaambiwa usiongeze kitu. Huna fidia, na shamba huna uhuru nalo. Baba amefariki, kibao tunacho. Ninavyoelewa, sheria ya uthamini ya 2016 inataka mtu alipwe ndani ya miezi sita, na baada ya hapo riba ianze kuhesabiwa. Mzee Mpimaji atanisahihisha.

Mpimaji Mstaafu
Uko sawa. Na uthamini wenyewe una uhai wa miaka miwili. Ukipita huo, thamani ya zamani haitumiki, mnathaminiwa upya. Usikubali hesabu ya minazi ya miaka kumi iliyopita. Na si minazi tu. Zamani walilipa maendelezo peke yake, yaani miti na nyumba, udongo ukahesabika si kitu. Mahakama ya Rufani mwaka 1994, kesi ya Akonaay, ilisema hakimiliki ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria za 1999 nazo zikatamka kuwa ardhi yenyewe ina thamani. Mdai na posho ya usumbufu, na ya kodi ya nyumba, na ya usafiri.

Mtu wa Muheza
Huku Tanga tuna kinyume chake. Mashamba ya mkonge yenye hati za miaka 99 yamelala pori, na kijiji jirani watu wanalima mpaka kwenye kaburi. Hati wanazo, jembe hawana. Hilo nalo mlijadili.

Mkwere wa Kiromo
Nimerudi. Jirani, bado unanidai jibu kuhusu pikipiki. Kijana wa Kiromo aliyenunua bodaboda kwa pesa ya shamba leo analisha watu watano. Wewe kiwanja chako umekizungushia ukuta miaka kumi, ndani kuna nyasi na mlinzi. Nani ametumia ardhi vibaya?

Jirani wa Bikoni
Nyasi zipo kwa sababu niko na kesi! Nijenge juu ya kesi?

Binti wa Zinga
Shikamooni wakubwa. Nimewasoma toka mwanzo. Mnabishana aliyeharibu ni mwenyeji au mgeni. Kwetu aliyeuza si mgeni na wala si mwenyekiti. Ni kaka zangu.

Bibi mzaa mama alikuwa na minazi arobaini na kitu na kipande cha mpunga bondeni. Alipofariki, mama na ndugu zake wa kike waliendelea kuangua nazi na kugawana. Kwa sisi watu wa pwani mnazi unaweza kuwa wa huyu na ardhi ya yule, kila mtu anajua na hakuna ugomvi. Alipokuja mnunuzi kutoka Dar, kaka zangu wawili na mjomba walisaini kwa jina la "familia". Mama alijua siku minazi inaangushwa kwa msumeno. Aliusikia mlio akiwa jikoni.

Kaka Mkwere, unasema harusi ni wajibu wa mzazi. Sawa. Lakini mimi ndiye binti anayeolewa kwa hadithi hizo, na sikuulizwa kama nataka harusi au nataka minazi ya bibi. Hata kwa dini yetu binti ana fungu lake, nusu ya fungu la kaka. Nusu hiyo iko wapi? Na sheria hiyo namba 5 mnayoitaja inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Baraza la ardhi la kijiji lina watu saba na watatu wanatakiwa kuwa wanawake. Nendeni mkawaulize hao watatu kama waliwahi kuitwa siku ya kuuza.

Mkwere wa Kiromo
Dada yangu, pole kwa minazi. Ila mambo ya kaka zako ni ya ndani, hayakupaswa kuletwa hapa mbele ya wanaotusema vibaya. Umewapa fimbo.

Binti wa Zinga
Fimbo nilipigwa mimi, kaka. Nikinyamaza ili usionekane vibaya, mama yangu anapata nini?

Mvuvi wa Mlingotini
Mwacheni binti aseme. Na kwetu dada zangu hawamo kwenye ile karatasi ya uthamini. Alisimama baba na kibao, ikaandikwa jina moja. Sasa baba hayupo, na tukilipwa sijui tutaanzaje kuwaingiza. Nimeliwaza hili leo, si kabla.

Jirani wa Bikoni
Dada, nakujibu wewe, wengine nawaacha. Mimi niliponunua sikumuuliza yule mzee kama ana dada au mabinti. Niliuliza kama ana deni na kama shamba lina kesi. Yule mnunuzi wa pili tunayeshitakiana naye nilikuwa namwita tapeli, na mwaka jana nikasikia kuwa aliuziwa na dada wa mzee huyo huyo, kwa fungu lake la urithi. Sikutaka kulisema hapa. Labda mzee hakuuza mara mbili. Labda kila mmoja aliuza chake, na dalali akatuonyesha mipaka ya lote.

Mkwere wa Kiromo
Sasa umeliona. Na ulianza kwa kusema tunauza mara mbili.

Jirani wa Bikoni
Nilianza hivyo. Hapo naomba radhi. Kwenye hatua za dalali tutaendelea kubishana.

Mwenye Michungwa
Jamani, mimi nilianza na kisima. Mzee Mpimaji, kuhusu uhaulishaji nimempigia mtendaji wa kijiji, amesema anavyokumbuka mkutano mkuu wa jambo hilo haukuitishwa. Nimemwomba anionyeshe kitabu cha mihtasari, kanipa siku ya Jumatatu. Pingamizi langu naliandika kwa msingi huo.

Nimeitoa na karatasi yangu sandukuni. Mashahidi wanne, wote wanaume. Wawili nawafahamu, mmoja ni marehemu, mmoja hata sura yake siikumbuki.

Binti wa Zinga
Mzee aliyekuuzia alikuwa na watoto wa kike?

Mwenye Michungwa
Wawili. Mkubwa anakaanga vitumbua pale kituoni, asubuhi nanunua kwake kabla sijafungua cherehani. Miaka yote hiyo sijawahi kumuuliza. Kesho nitamuuliza kabla sijaenda kwa mtendaji.