Naomba ushauri: wanafunzi wangu wa Kiswahili mtandaoni hawafunguki

Mwalimu_Nyamasaria (Kisumu)
Hamjambo wenzangu. Nafundisha Kiswahili kwa njia ya video, na wanafunzi wangu ni watu wazima walio Ujerumani na Marekani. Kusoma wanasoma, na kazi ya nyumbani wanaleta. Shida ni kwamba sijui hata mmoja wao ni mtu wa namna gani. Nikiuliza "Umeshindaje?" napata "Vizuri", kisha kimya. Kamera nyingi zimezimwa. Nimetenga dakika za mwanzo ziwe za mazungumzo ya kawaida, nazo zimekuwa ngumu kuliko somo lenyewe. Mwezi uliopita mama mmoja aliyekuwa akielewa vizuri sana aliacha kuja bila kuaga, na imeniuma. Shuleni ningemfuata nje tuongee. Huku akibonyeza kitufe, ameenda. Wenye uzoefu, mnafanyaje?

Mama_Lurambi (Kakamega)
Pole sana mwalimu. Mimi ningeziondoa hizo dakika. Anayejifunza lugha ukimwambia aongee chochote, umemtwika mzigo kuliko zoezi lolote. Nunua daftari, kila mwanafunzi awe na ukurasa wake. Akitaja jambo la maisha yake, liandike, na kipindi kijacho lifanye somo. Nina mmoja aliyesema anahama nyumba. Wiki iliyofuata tulikuwa na ngeli ya mahali, nikaacha mifano ya kitabu: "Umeshahama? Jikoni kuna nini? Mezani pana nini? Kabatini mna nini?" Akainuka na kompyuta yake akatutembeza nyumba nzima, na wenzake wakawa wanamtafuta paka wake. "Yuko jikoni?" "Hayuko." "Yupo kitandani?" "Hayupo. Yumo kabatini!" Sikumwomba mtu awashe kamera siku hiyo, na ziliwashwa.

Kaka_wa_Menengai (Nakuru)
Kamera usilazimishe. Saa mbili usiku ya Kisumu ni saa sita mchana New York, au saa saba wanaposogeza saa zao mbele, Machi hadi Novemba. Huenda mtu yuko kazini, anakula huku anakusikiliza. Muulize faraghani ni saa ngapi inamfaa.

Na huyo mama mwandikie. Usimuulize kwa nini aliacha. Mwambie tu mmemkosa.

Dunga_Asubuhi (Kisumu)
Jirani, ya daftari naunga mkono kabisa. Ila ukishauliza swali, nyamaza. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla hujamsaidia, maana walimu wengi tunamjibia mtu akiwa bado anapanga maneno. Na anaposimulia jambo lake usimkatize kwa kila kosa. Andika pembeni, umpe mwishoni, makosa mawili matatu yanatosha.

Halafu Jumapili moja wapeleke soko la Kibuye kwa simu. Omba ruhusa ya muuzaji kwanza, na ujaze bando la kutosha. Nina kijana ambaye darasani alikuwa hasemi. Kule akamwuliza mama wa omena, "Gorogoro moja ni pesa ngapi?" Mama akamjibu, kisha naye akamuuliza kwao wanakula samaki gani na wanampikaje. Walizungumza wenyewe, mimi kazi yangu ikabaki kushika simu. Tangu hapo kijana huyo ananiuliza kila mara yule mama anaendeleaje.

Mwalimu_Nyamasaria
Asanteni sana, Mungu awabariki. Daftari nanunua kesho, na huyo mama namwandikia leo. Swali lingine: wengine wameanza kunitumia ujumbe usiku wa manane. Nikikawia kujibu hawataona nimewapuuza?

Mama_Lurambi (Kakamega)
Waambie mapema saa unazojibu. Ukisema asubuhi, basi asubuhi wakute jibu. Mimi najibu kwa ujumbe wa sauti, mfupi, namtaja mtu kwa jina lake na kile alichoniuliza. Wanausikiliza tena na tena wakiwa kwenye basi. Tena mwalimu wangu, mambo yako ya karo na kodi usiyapeleke kwao hata mkizoeana vipi. Mtu akishaanza kukuhurumia, ataona haya hata kukuambia kwamba somo la juzi hakulielewa.